Siri ya Mtungi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaijazia nafasi zilizoachwa wazi kwenye mtihani, tukapata alama zetu mbili, tukaachana nayo. Hebu leo, ndugu msomaji, tuirudie kidogo. Kata inaijua siri ya mtungi kwa sababu inaingia ndani, inagusa chini, inatoka na maji. Sasa tuseme mwenye mtungi hataki kata ijue. Tuseme anaifunga macho na kuiambia: chota, mimina, chota tena, ila usiulize unachota nini. Je, ana haki hiyo? Na kata ikichungulia, imekuwa mwizi?

Swali hili nimelikuta mahali nisipopatarajia, yaani katika historia ya pombe moja ya kuchanganya, zile zinazoitwa kokteli. Najua wapo wasomaji watakaoguna, na haki yao. Mimi mwenyewe sijaionja, na kwa bei za mahoteli ya watalii sidhani kama nitaionja karibuni. Lakini habari yenyewe si ya ulevi. Ni ya watu waliosimama nyuma ya kaunta.

Kokteli hiyo inaitwa Zombie. Marekani walikuwa wamepiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920 hadi Desemba 1933. Marufuku ilipoondolewa, kijana mmoja aliyeitwa Ernest Raymond Beaumont Gantt, mzaliwa wa 1907, mzururaji aliyekwisha kuzunguka visiwa vya Karibiani na Bahari ya Pasifiki, akafungua kijibaa Hollywood. Akakipamba kwa mianzi, nyavu na makorokoro ya baharini. Inasimuliwa kwamba alikuwa akilimwagia maji paa la bati kwa mpira wa bustani ili wateja wadhani mvua inanyesha, wasiondoke, waagize kingine. Baadaye alibadilisha hata jina lake kisheria, akawa Donn Beach. Mtunga hadithi huyo! Na mimi ninayeota kuandika riwaya siku moja siwezi kumchukia kabisa mtu wa namna hiyo.

Alichokifanya Donn kilikuwa kipya, na pia hakikuwa kipya. Ramu ni mtoto wa sukari. Miwa ikikamuliwa na maji yake yakachemshwa mpaka sukari igande, kinachobaki ni molasi, ule uji mweusi mzito ambao watu wa Kilombero na Mtibwa wanaujua vizuri. Molasi ikitiwa maji na kuachwa ichachuke, kisha ikakenekwa kama inavyokenekwa gongo, ndiyo ramu. Kule Barbados walikuwa wakiitengeneza tangu karne ya 17. Na waliokata miwa ile, waliokoroga masufuria, waliochochea moto usiku kucha, walikuwa watumwa kutoka Afrika. Visiwani humo ndimo mchanganyiko wa ndimu, sukari, ramu na maji ulimokomaa ukawa kinywaji cha wenye mashamba, nao wakaupa jina lao, ponchi ya mwenye shamba. Jina ni la mwenye shamba. Aliyekata miwa hana jina. Huko huko ndiko ilikotoka falernum, shira yenye ndimu, lozi, tangawizi na karafuu. Naam, karafuu! Mzanzibari hapa atatikisa kichwa, maana anajua karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 ilichumwa na mikono ya nani.

Donn hakuyabuni hayo yote. Aliyakuta. Alichoongeza yeye, na hapa lazima tumpe haki yake, ni kufahamu kwamba ramu moja haitoshi. Ramu tatu za nchi tatu zikikutana katika glasi moja zinatoa ladha ambayo hakuna hata moja inayo peke yake. Zombie ya zamani, kwa jinsi ilivyokuja kufumbuliwa miaka mingi baadaye, ilikuwa hivi: ramu ya Puerto Rico ya rangi ya dhahabu mililita 45, ramu ya Jamaika iliyokaa mapipani mililita 45, na mililita 30 za ramu kali ya Demerara, Guyana, yenye alkoholi asilimia 75 na nusu, ambayo ukiisogezea kiberiti inawaka. Humo zinatiwa maji ya ndimu mililita 22, falernum 15, na nyingine 15 za kitu kilichoitwa "mchanganyiko wa Don". Kisha kijiko kidogo cha shira ya komamanga, tone la dawa chungu ya Angostura, na matone 6 ya Pernod, ambayo ina harufu ya bizari tamu. Barafu iliyopondwa juu yake, mashine inazungushwa kwa sekunde 5 tu na si zaidi, barafu isije ikayeyuka ikaharibu kazi, halafu yote humiminwa katika glasi ndefu na kuwekewa jani la nanaa.

Piga hesabu mwenyewe. Humo ndani mna karibu mililita 59 za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo glasi moja ni zaidi ya bia mbili kubwa, na inateremka kama juisi kwa sababu ya ndimu na shira. Ndiyo maana Donn aliweka sharti kwamba mteja hapewi zaidi ya glasi 2. Sharti lenyewe likawa tangazo. Kila kijana wa Hollywood akataka kuonyesha kuwa yeye anaweza 3.

Na jina je? Hapa ndipo mambo yanapoanza kunikera. Zombie ni neno la Haiti. Nchi ile ilikuwa koloni la Ufaransa la miwa na utumwa, mpaka watumwa walipoasi mwaka 1791 na kujitangazia uhuru Januari 1, 1804. Watu waliopita katika moto huo hawakuogopa kufa tu. Waliogopa kufa halafu ukafufuliwa na mtu, ukaendelea kuchapa kazi shambani kwake bila akili, bila jina, bila kujua unafanya nini wala kwa faida ya nani. Sisi tunalo neno letu. Ni msukule. Nenda kijiji chochote uulize. Utaambiwa habari za fulani aliyezikwa, kumbe analimishwa usiku katika shamba la tajiri, analishwa pumba. Bahari kubwa imetutenga na Haiti, lakini jinamizi ni lile lile, na mimi nadhani sababu yake ni kwamba pande zote mbili tuliwahi kuona binadamu akigeuzwa jembe.

Mwaka 1929 Mmarekani William Seabrook alitoa kitabu juu ya Haiti, wakati huo nchi hiyo ikikaliwa na majeshi ya Marekani, yaliyoingia 1915 na kuondoka 1934. Humo alisimulia kisa cha mizombi wanaokata miwa kwa ajili ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Mwaka 1932 sinema ikatoka. Neno likawa mtindo, na Donn akalichukua likiwa bado la moto, akalibandika kwenye glasi. Inasemekana mteja mmoja alikuja na uchovu wa pombe za jana, akachanganyiwa dawa, na baadaye akalalamika kwamba kinywaji kile kilimgeuza mzombi. Huenda ni kweli, huenda ni mpira wa bustani juu ya bati. Vyovyote iwavyo, hofu kubwa ya mkata miwa imekuwa kichekesho cha mnywaji. Sukari ni ile ile, na ramu ni ile ile.

Sasa tuingie nyuma ya kaunta.

Waliochanganya vinywaji kwa Donn wengi wao walikuwa Wafilipino. Ufilipino ilikuwa chini ya Marekani tangu 1898, kwa hiyo vijana wake waliweza kuvuka bahari kwenda California, lakini hawakuwa raia. Walivuna mboga, waliosha vyombo, walitumwa majumbani. Januari 1930 huko Watsonville kundi la wazungu liliwavamia kwa siku kadhaa, na kijana mmoja, Fermin Tobera, akapigwa risasi akafa. Mwaka 1933 California iliwakataza kwa sheria kuoana na wazungu. Mwaka 1934, mwaka wenyewe wa Zombie, Bunge la Marekani likaamua kwamba Wafilipino watakaoruhusiwa kuhamia huko wasizidi 50 kwa mwaka. Ndio hao waliosimama pale kwa Donn wakiwa wamevalia vizuri, wakitabasamu, wakiwapimia nyota wa sinema ladha ya paradiso.

Donn aliwahitaji, na aliwaogopa. Baa za jirani zilikuwa zinamwibia wahudumu. Kumchukua mhudumu ilikuwa sawa na kuuchukua mtungi mzima. Basi akafanya ujanja. Shira zake na viungo vyake alivichanganya kando, akavitia katika chupa zisizo na jina. Chupa ilikuwa na namba tu. Mhudumu aliyeajiriwa aliambiwa: tia viungo namba 4 kiasi hiki, namba 2 kiasi hiki, mchanganyiko wa Don nusu. Basi. Mikono inajua, kichwa hakijui. Anaweza kuchanganya Zombie elfu moja kwa mwezi, na akienda nyumbani mkewe akimwomba amtengenezee moja, hawezi.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya chupa hizo. Donn alilibandika kwenye glasi jina la mtu afanyaye kazi asiyoijua, halafu akapanga kaunta yake ili kila aliyesimama nyuma yake awe hivyo. Sidhani kama aliliona hilo. Watu wa biashara huwa hawana nafasi ya kuona.

Lakini tusimhukumu haraka. Mtetezi wa Donn atasema: huyu bwana alitoa jasho lake. Alijaribu, alimwaga, alijaribu tena. Sheria haikumlinda, maana orodha ya viungo na vipimo vyake kwa kawaida haipati haki miliki kama kitabu. Angefanya nini? Waingereza na Wamarekani wana utaratibu wa hataza, na kabla yao Venice ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1474: mvumbuzi anaweka kitu chake wazi, na dola inamlinda kwa miaka 10 asiigwe. Ni mapatano mazuri. Wewe funua, sisi tutakulinda. Ambaye hapewi ulinzi, mtetezi atasema, ana kinga gani nyingine zaidi ya kuficha? Kwani mganga wetu anakuonyesha mti? Anachimba mzizi usiku, anautwanga chumbani, unapewa unga. Na bibi muuza vitumbua je, atakwambia kwa nini vya kwake vinaumuka kuliko vya jirani?

Hoja hii ina uzito, sikatai. Lakini naona imechanganya mambo mawili ambayo hayafanani. Bibi wa vitumbua anamficha jirani, anayeshindana naye. Hamfichi binti anayekoroga unga. Binti huyo amekaa naye jikoni. Siri atairithi hata asipofundishwa, kwa kuwa yupo. Donn alimficha yule yule anayekoroga. Huo si ukuta wa nyumba tena. Ni kitambaa usoni mwa mtu aliyemo ndani ya nyumba. Nani kati yetu asiyemjua yule fundi anayesubiri mpaka afike kwenye hatua ya maana, halafu anamgeukia kijana: "We, hebu kaninunulie sigara mbili." Ukirudi, injini inanguruma. Miaka mitatu unashika spana, bado ni kijana wa kushika spana. Fundi haogopi kwamba utamwibia. Anaogopa kwamba hutamhitaji. Na mimi nasema kumlipa mtu mshahara kunakupa haki ya kuitumia nguvu yake kwa saa mlizokubaliana, hakukupi haki ya kumzuia asikue ndani ya saa hizo.

Tena kuna hili. Donn mwenyewe alijifunza wapi? Hakuna mtu Jamaika aliyemfungia ponchi katika chupa yenye namba. Hakuna Mbarbados aliyemwambia falernum ni "namba 4". Alikunywa, akauliza, akaambiwa, akaondoka nayo. Alipita mlango ulio wazi, akaufunga nyuma yake akatia komeo. Hata huko kuvumbua kwenyewe kuna utata: Ray Buhen, mmoja wa Wafilipino wale wa mwanzo, alikuja kusema baada ya miaka mingi kwamba si Donn aliyeibuni Zombie, wala vingi vya vinywaji vinavyobeba jina lake. Hatuwezi kuamua kesi hiyo leo, mashahidi wote wamekufa. Ila angalieni ilivyo ajabu: mfumo wa namba unamfanya mfanyakazi asiwe na uthibitisho wowote. Kama kweli mmoja wao ndiye aliyesema "bosi, tuongeze matone ya Pernod", atathibitisha vipi, na kwenye karatasi kuna namba tu?

Sasa kata ilichungulia. Mhudumu mmoja, Dick Santiago, alikuwa na kijitabu kidogo cha mfukoni cha mwaka 1937, amejiandikia humo vipimo vya kazini. Sijui kama Donn angekiona angefanyaje, lakini naweza kukisia. Je, Santiago alikuwa mwizi? Wapo watakaosema alivunja uaminifu. Mimi naona aliandika kile ambacho mikono yake ilikuwa inakifanya kila usiku. Ukiniambia nisitangaze, sawa, hilo ni ombi, tunaweza kulijadili. Ukiniambia nisikumbuke, hapo umevuka mpaka. Na wale waliokuwa na ulimi mzuri, wakaonja chupa namba 4 wakasema moyoni "ahaa, hii ni mdalasini", hao nao waliiba? Waliiba nini, harufu?

Kilichofuata ni somo kwa wapenda komeo wote, ingawa kwa Donn kilikuwa kichungu. Zombie ilisambaa ikafika hadi Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939, na kila baa ikajitungia ya kwake kwa kubahatisha: huyu anatia juisi ya nanasi, yule sijui sharubati gani, mwingine ramu yoyote mradi iwe kali. Kinywaji chenyewe kikapotea ndani ya jina lake. Naye Donn aliachana na mkewe, Cora Irene Sund, mwaka 1940, na biashara ile yenye jina lake ikabaki kwa mama huyo, aliyeipanua miji mbalimbali. Mwenye jina akaenda kufungua ya kwake Hawaii. Alikufa 1989. Mtu aliyeficha mdalasini alishindwa kulilinda jina lake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye mtafiti mmoja wa vinywaji, Jeff Berry, akaanza kuitafuta Zombie ya kweli. Mapishi aliyoyakuta hayakufanana. Hatimaye akaazimwa kijitabu cha Santiago na binti yake. Akafungua, akaikuta Zombie, akafurahi, halafu akakwama. Mchanganyiko wa Don ulikuwa sehemu 2 za maji ya balungi na sehemu 1 ya... "viungo namba 4". Hata kijitabu cha siri kilikuwa na siri! Santiago aliandika alichoambiwa. Ilibidi atafutwe mzee mwingine, mkongwe wa kazi hiyo, ndipo akasema: namba 4 ni shira ya mdalasini. Berry aliyachapisha hayo mwaka 2007. Zaidi ya miaka 70, watu wazima wanahangaika, kumbe ni mdalasini, ule ule wa kwenye pilau na chai ya rangi.

Nataka tuone hapa nani aliyekiokoa kinywaji. Kama wahudumu wale wangekuwa watiifu kama Donn alivyowataka, Zombie ingekuwa imekufa kabisa, na Donn pamoja nayo, maana leo anasifiwa kwa sababu ya vijitabu ambavyo hakutaka viwepo.

Lakini nisije nikawafanya Wafilipino wale malaika. Ray Buhen aliacha kazi za watu, na mwaka 1961 akafungua baa yake Los Angeles, akaiita Tiki-Ti, chumba kidogo kweli. Alifariki 1999 na familia yake ikaendelea nayo. Na je, mapishi yao yako wazi? Wapi! Wana kinywaji chao maarufu kinachobeba jina la Ray, na ukiuliza ndani mna nini utaambiwa ni siri ya familia. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikadhani hoja yangu yote imeanguka. Kata imekuwa mtungi.

Baadaye nikaona si hivyo, au si hivyo kabisa. Pale Tiki-Ti aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa baba, kisha mtoto, kisha mjukuu. Wanaochanganya ndio wanaojua. Mteja amefichwa, jirani amefichwa, lakini mkono unaomimina haujafungwa macho. Kama siku moja wataajiri mtu wa nje, wakampa chupa yenye namba, hapo tutakuwa na la kuwauliza.

Na yule kijana wa kununua sigara? Bado yuko njiani anakimbia, akiwahi kurudi kabla injini haijawaka.